Mguu Mmoja Juu

Katika parokia yetu ya Majengo, hapa Goma, kuna wimbo mmoja wa kutolea vipaji ambao hauna mwisho. Sisemi kwamba ni mrefu, ingawa nakumbuka Jumapili moja tulipouanza mvua ikinyesha na tukaumaliza nguo zetu zimekauka na kupigwa pasi. Nasema hauna mwisho kwa sababu unakatika. Waumini hutoka nyuma ya kanisa kwa mstari, wamebeba ndizi, maharagwe, sabuni, kuku aliyefungwa miguu, wakicheza polepole kuelekea altare, na korali inaimba:

Sukuma, ndugu, sukuma,
ninaona moshi wa nyumbani,
mama ameinjika sufuria,
imebaki hatua moja...

Hapo kwenye "hatua moja" kila kitu kinanyamaza. Ngoma, kinanda, sauti za akina mama, hata kuku. Kila aliye kwenye mstari anabaki ameinua mguu mmoja hewani. Tunahesabu tatu moyoni. Kisha miguu inashuka pamoja, ngoma inalia puu, na tunaanza tena "Sukuma". Wageni kutoka Kinshasa hutuangalia kama watu waliopigwa na umeme.

Nimeinua mguu huo tangu nikiwa na miaka sita na sikuwahi kuuliza sababu. Nilijua tu, kama kila mtu alivyojua, kwamba wimbo aliutunga jirani yangu, dereva wa lori wa barabara ya Bunagana. Alikuwa na sauti ya kusimamisha ng'ombe barabarani. Akiulizwa aliutoa wapi, alicheka, akasema, "Nilikuta iko njiani, nikaipakia." Alifariki mwaka jana. Mke wake alivaa nyeusi mwaka mzima, na sasa siku ya kuivua ilikuwa inakaribia. Kwetu siku hiyo ina misa yake: mjane anaingia na kikwembe kipya, watu wanaimba, wanakula, na matanga yanakwisha. Mama huyo aliiomba korali kitu kimoja tu. Nyama atanunua mwenyewe, viti ataazima mwenyewe, lakini wimbo wa mguu uimbwe wakati wa vipaji.

Tuliitikia wote. Nani angekataa? Zilibaki wiki mbili.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi alasiri, mkubwa wa korali alikuja kwenye mazoezi amekunja uso. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kola iliyonyooka, ambaye naamini analala akiwa amesimama ili asikunje shati. Tunamwita Mwalimu. Binti yake alikuwa amefika kutoka Butembo na watoto, na wajukuu hao walikuwa wakiangalia filamu ya katuni kwenye telefoni, naye akachungulia.

"Tangu leo," akasema, "ile wimbo imekufa."

"Imekufa namna gani, Mwalimu?" mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza.

"Ni wimbo ya punda! Nimemuona na macho yangu mbili. Punda anavuta mukokoteni kwenye baridi, anaimba, meno yote iko inje. Ni yetu ile ile, noti kwa noti. Miaka yote hii tunapeleka punda kwa altare!"

Kanisa zima liliguna. Mzee wa ngoma akacheka mpaka akashika nguzo. "Lakini Mwalimu, si punda njo alimubeba Bikira Maria?"

"Alimubeba, hakuimba!"

Mimi nilinyoosha kidole. Ni lazima nieleze kidole hicho kilitoka wapi. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza masomo ya jioni. Mchana nilikuwa nikiuza misumari na mabati, jioni nilikaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa mtoto wa miaka kumi, mimi na watu wazima wengine wenye vitambi, mpaka madawati yakawa yanalia kuliko wanafunzi. Nilipata diplome, na tangu siku hiyo ugonjwa wa kuuliza haujanitoka. Mwalimu wetu wa historia alikuwa akisema kila kitu kina mahali kilipotoka, na mtu aliyekileta. Basi nikauliza: "Mwalimu, tunajua namna gani kama punda alitangulia? Pengine jirani yangu aliimba, na wale watu wa katuni wakamusikia."

Walicheka wote, ila yeye alinitazama kwa makini. "Papa Diplome," akasema, "nakupa wiki moja. Ukinionyesha kama marehemu alitunga, tutaimba. Kama ni ya punda, mama ule tutamuimbia Magnifikati ya Bikira Maria, na atashukuru."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mkia wa punda kichwani. Nilianza kutafuta usiku huohuo? Hapana, nililala vizuri sana. Nilianza asubuhi.

Kwanza niliutafuta wimbo wenyewe. Mwalimu alikuwa amesema kweli. Filamu ni ya zamani, ya nchi za baridi, na wimbo wake umesafiri kuliko askofu. Niliupata kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kwa lugha moja ambayo inasikika kama mtu anatafuna karanga akiwa anakimbia. Umeimbwa na watoto, na bendi za askari, na mwanamume mwenye zeze analia machozi ya kweli. Kila mahali punda huyohuyo anavuta mkokoteni kwenye kitu cheupe kinachoanguka kutoka mbinguni. Na kila mahali, nikaona, wimbo una mwisho. Punda anafika. Mlango unafunguliwa, anapewa majani, na sauti inapanda juu polepole na kushuka kama mtu anayekaa kwenye kiti kizuri. Hakuna hata lugha moja ambamo punda anasimama na mguu mmoja juu.

Jambo hilo liliniwasha kuliko upupu. Kama tuliiba, kwa nini tuliiba kipande?

Niliwaendea watu wa chukudu, wale wanaosukuma baiskeli zetu za mbao zisizo na kanyagio, zinazoweza kubeba viazi vya kulisha Masisi yote. Nilijua nao huuimba kwenye mlima. Nilimkuta mzee mmoja anachonga gurudumu mbele ya nyumba yake, nikamuuliza kuhusu mguu.

"Iko wazi," akasema bila kuinua kichwa. "Ukifika kwa mulima mukali, unasimama, unainua muguu, unatia jiwe nyuma ya gurudumu. Tatu. Unapumua. Unaendelea. Sisi chukudu njo tulifundisha kanisa."

Niliandika. Kisha nikamwendea katekista wetu wa zamani, ambaye alinikaribisha na chai na kunieleza kwa nusu saa kwamba mguu ulioinuliwa ni roho, ambayo imeiacha dunia lakini haijagusa mbingu bado. Machozi yalinilengalenga. Niliandika hayo pia. Nilikuwa na maelezo mawili mazuri, na yalifanana kama mbuzi na dirisha.

Nilirudi kwa mzee wa chukudu. "Muzee, wewe mwenyewe ulijifunza wimbo wapi?"

Sasa aliinua kichwa. "Mimi? Kwa siné ya mbao. Sisi wote. Jumapili kisha ya misa. Hukujua? Mume wa mama ule wa matanga njo alikuwa mufasiri wa filamu."

Nikakaa chini, juu ya gurudumu lisilokauka gundi. Suruali ile bado ninayo, ina duara.

Mtu aliyekuwa akiendesha mashine ya siné hiyo, kibanda cha mbao cha kuonyeshea filamu, bado yuko hai. Anatengeneza redio karibu na soko, katikati ya nyaya nyingi sana kiasi kwamba lazima umtafute kwa sauti. Nilipomtajia punda, aliweka chini chuma chake cha kuchomea na akacheka kabla sijamaliza.

"Kaseti ile! Ilitoka Bunagana katikati ya magunia ya vitunguu. Dereva alinunua akifikiri ni karate. Karatasi ilisema karate! Batu wamejaa, benchi zimejaa, ninaweka, tunaona mukia na masikio."

"Mukafanya nini?"

"Mimi nilitaka kukimbia. Yeye alisimama pembeni ya televizyo na fimbo yake, kama siku zote, akaanza kufasiri. Kiingereza alijua ya duane tu, kwa mupaka: fungua, funga, toa karatasi. Ingine alitoa kwa kichwa yake."

Basi akanisimulia, na mimi nitajaribu kusimulia bila kuongeza zaidi ya ninavyoongeza kila siku. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona punda. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Mufasiri! Kile kinyama ni nini?" Dereva akajibu: "Ni ndugu ya farasi. Farasi alisoma, huyu alikataa." Wakauliza vile vyeupe vinavyoanguka ni nini. Akasema lori la unga wa muhogo limepinduka juu ya mlima, na upepo unaleta fufu. Wakauliza punda anakwenda wapi. Akasema ametoka Kalengera na magunia ya makala ya kupikia, anateremka Goma, na mke wake ameinjika sufuria lakini anasubiri makala hayo ndiyo maji yachemke. Siné nzima ikaelewa. Wanawake wakaanza kumuonea huruma mke wa punda.

Kisha punda akaanza kuimba. Mufasiri hawezi kunyamaza wakati wa wimbo, watu watasema amechoka. Akaimba juu ya sauti ya punda, kwa Kiswahili, maneno aliyokuwa akiyatunga palepale. Punda alikuwa anavuta, lakini yeye alikuwa na watu wa chukudu kwenye benchi tatu za nyuma, kwa hiyo akaimba "Sukuma". Na kwa kuwa alipenda kujionyesha, alitembea mbele ya televizyo kama punda, mguu mmoja mmoja. Alipofika kwenye "imebaki hatua moja", mguu uko juu, mashine ikatafuna kaseti.

"Krrr!" akasema mzee wa redio, na kufanya vidole vyake kama meno. "Picha imekwenda. Sauti imekwenda. Ukisema imekufa, batu watavunja benchi, tunawajua. Alinitazama. Mimi niko navuta mukanda na kidole. Alibaki vile, muguu juu, hatikisiki, kama ni filamu njo imesimama. Batu wakanyamaza. Mimi nikaunganisha na gundi ya kucha ya dada yangu, mukanda ukarudi nyuma kidogo, wimbo ukaanza tena. Alishusha muguu, puu! Batu wakapiga mikono mpaka mabati yakalia."

"Na mwisho?"

"Mwisho gani? Ile kipande ilikwisha ndani ya mashini. Kila Jumapili ilifika pale, krrr, inarudi. Na batu wakaanza kuinua muguu pamoja naye. Walikuja kwa sababu ya ile, na wakaibeba mpaka kanisani."

Nilitembea kurudi Majengo nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua chanzo cha Nile, na mita mia moja kabla ya nyumba furaha ikaniishia. Nilikumbuka nilichoahidi. Mwalimu alitaka nimwonyeshe kwamba marehemu alitunga. Na mimi nilikuwa nimethibitisha, kwa bidii yote ya masomo ya jioni, kwamba hakutunga. Kibaya zaidi, mjane alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akichambua maharagwe ya sherehe, na aliniona.

"Kuja hapa. Uso gani ile? Kama mutu alimeza mufupa."

"Hapana, mama. Ni jua."

"Jua gani na hii mawingu? Sema."

Nikasema. Nilisema polepole, nikizunguka, nikimsifu marehemu kila baada ya neno la pili. Nilimwambia kuhusu kaseti, punda, karate, gundi ya kucha. Yeye alikuwa akichambua tu, jiwe huku, haragwe kule. Nilipomaliza aliniangalia kama vile nimemletea habari kwamba ziwa lina maji.

"Sasa wewe ulidhani mimi sijui? Nilikuwa benchi ya mbele."

"Mama!"

"Nilikuwa mutoto-mwanamuke wa miaka kumi na nane, nimekuja kuona karate. Ule mutu alisimama mbele yangu muguu juu, jasho inateremuka kwa pua, na hawezi kupangusa. Watu wote walidhani ni mufano. Mimi niliona anatetemeka. Nikacheka. Akaniona nacheka, na hakuweza kucheka, kwani ataanguka. Kisha ya filamu alikuja kuniuliza kama nilipata nini ya kucheka." Alitupa jiwe. "Wimbo ni ya punda. Mimi sikusema kama ni yake. Ninyi njo mulisema. Mimi nataka tu pale kwa muguu."

Jumamosi mchana nilimpelekea Mwalimu ripoti yangu, kurasa nne, pande zote mbili. Aliisoma yote akiwa amesimama, akasahihisha koma mbili, akavua miwani. Nilimwambia: wimbo ni wa punda, sawa, lakini maneno ni ya dereva, na kusimama ni kwake peke yake, hakuna lugha nyingine duniani yenye kusimama huko, nimezisikiliza zote. Hapo niliongeza kidogo.

Alifuta miwani kwa leso. Sio mtu mbaya. Ni mtu ambaye kitu kisicho kamili kinamuumiza tumbo.

"Tutaimba," akasema. Nilitaka kumkumbatia. "Lakini tutaimba yote. Miaka yote tumeimba wimbo imekatwa na mashini. Ni aibu. Nimesikiliza mwisho, ni nzuri. Nitaandika maneno."

Na akaandika. "Nimefika, nimefika, mlango umefunguka." Alitufundisha Jumanne na Alhamisi, sauti nne, na nikiri kwamba ilikuwa nzuri mpaka nywele zilisimama. Mzee wa ngoma peke yake alikataa kuitikia, akakaa anakaza kamba za ngoma ambazo hazikulegea.

Nilimpelekea mama habari nikidhani atafurahi nusu. Alikuwa anajaribu kikwembe chake kipya, cha bluu chenye ndege wa manjano. Alikaa.

"Watamufikisha?"

"Mwalimu anasema ni heshima, mama. Amefika kwa Baba."

"Mimi sikuomba wamufikishe. Kwa ile mwisho mimi simujui." Alikunja kikwembe mara mbili, akakikunjua. "Mwambie basi aweke Magnifikati."

Nilienda kumwambia Mwalimu, na Mwalimu akajibu kwamba programu imekwisha kupigwa kwenye mashine, kopi mia moja. Programu ikishapigwa kwenye mashine, kwa Mwalimu imeshatiwa sahihi na Papa wa Roma.

Siku ya misa kanisa lilijaa mpaka dirishani. Wakati wa vipaji mama alisimama mbele kabisa ya mstari, bluu na manjano, amebeba sufuria ndogo ya maharagwe. Mimi nilikuwa nyuma yake na mkungu wa ndizi begani ambao, naapa, ulikuwa na uzito wa mkwe wangu. Nyuma yangu walikuwa watu wa chukudu, na mzee wa redio aliyekuja na tai. Mwalimu akainua mikono. "Sukuma, ndugu, sukuma." Tukaenda. Mama alikuwa anacheza kichwa kimeinama, na nilijua anahesabu mistari kama mtu anayesubiri sindano.

Moshi wa nyumbani. Sufuria. Imebaki hatua moja.

Nilimwona Mwalimu anafungua kiganja kuita mwisho. Sauti moja, msichana mgeni wa korali, ilitoka: "Nime..." na ikajimeza. Kanisa lote lilikuwa limenyamaza. Mstari mzima uko mguu mmoja, benchi zote ziko mguu mmoja, watu walionyimwa kopi ya programu na watu walioipata, katekista, akina mama wa sauti ya kwanza ambao walikuwa wamefanya mazoezi siku mbili. Hawakupanga. Miguu yao tu haikuwa imehudhuria mazoezi. Mwalimu alibaki na kiganja wazi, mkali, akisubiri, na mimi kutoka nilipokuwa niliona kile ambacho korali haikuweza kuona nyuma ya meza ya noti. Kiatu chake cha kushoto, kilichong'arishwa, kilikuwa hewani.

Moja. Mbili. Tatu.

Mama hakushusha. Na kwa sababu yeye alikuwa mbele, hakuna aliyethubutu kutangulia. Nne. Tano. Sufuria ilianza kutetemeka mikononi mwake, na kisha mabega. Nikanyoosha mkono mmoja, akaushika bila kugeuka. Ndizi zilinikaba shingo, jasho likaanza kuteremka puani, na sikuwa na mkono wa kulipangusa. Mama aligeuza kichwa kidogo, akaniona vile, akacheka. Kwa sauti, mbele ya altare, cheko la msichana wa benchi ya mbele.

Kisha akashusha mguu, na ngoma ikalia puu.